Pengo katika Kitambaa cha Meza

Wapendwa mlioshika funguo za hazina,

Mama Zawadi amenipigia simu kuniambia kwamba mnataka kuziba lile pengo kwenye kitambaa cha meza ya Bwana. Anasema mmeshapata kiraka cha rangi inayoelekeana na mmeshatia uzi kwenye sindano. Nimefurahi kwamba mnapenda usafi. Sasa wekeni sindano chini kwanza msome haya. Ambaye Kiswahili cha kuandikwa kinampa shida, maana najua wengine mlizaliwa hapa Joburg na Kizulu ndicho kinachowatoka haraka, amwombe mwenzake amsomee. Sitaandika kwa Kiingereza. Kiingereza changu ni cha kuwajibu polisi.

Nilistaafu kwa sababu ya ngazi, si kwa sababu ya uzee, ingawa mke wangu anasema ni jambo moja. Mnajua kanisa letu liko ghorofa ya tatu, katika jengo lililokuwa duka la samani zamani, na lifti yake ilikufa kabla sisi hatujaingia. Nimepanda ngazi zile nikiwa muumini, nikiwa msaidizi wa hazina, nikiwa mweka hazina, na mwisho nikiwa askofu na mweka hazina kwa pamoja. Vyeo vilibadilika, ngazi zilibaki zile zile.

Nilipofika mara ya kwanza nilikuwa sekyuriti wa duka moja kule Rosettenville. Nilitoka zamu asubuhi ya Jumapili nikaja kanisani na sare yangu, nikasinzia katikati ya mahubiri. Ili kuficha aibu nikabaki baada ya ibada kupanga viti. Mzee mmoja Mrundi, fundi cherehani, alikuwa amekaa pembeni akiniangalia. Aliitwa Mzee Leonidas. Akaniuliza kama nyumbani kwangu pia napanga vitu hivyo, mstari umenyooka. Nikamwambia nyumbani kwangu ni kitanda kimoja nyuma ya pazia, hakuna cha kupanga. Akacheka, akaniambia nije Jumamosi.

Siku yangu ya kwanza ya kazi aliniamuru nikae, mikono magotini, nisishike kitu. Chumba kile cha nyuma ya mimbari kilikuwa na rafu za mbao na sanduku moja kubwa la bati lenye kufuli tatu. Watu walikuja mmoja mmoja. Msusi alileta mashine yake ya kukaushia nywele. Bibi mmoja alileta gauni la harusi la binti yake, limefungwa kwenye shuka. Mwingine alileta sufuria kubwa la kupikia kwenye misiba. Hakuna aliyeulizwa jina. Nilishangaa sana, maana mimi kazini kwangu hata mwenye duka nilikuwa namwandika jina getini.

Wengine mmekulia kwenye nyumba zenye milango, kwa hiyo nieleze. Wakati ule wengi wetu tuliishi katika majengo ya mjini, familia nne chumba kimoja, mapazia katikati. Siku ya kufukuzwa, vitu vyenu vilitupwa barabarani kabla hamjashuka kuvifuata. Au moto uliwaka. Au jirani wa pazia la pili alihama mapema, na pasi yako ikahama naye. Kwa hiyo mtu akiwa na kitu kimoja chenye maana maishani mwake, alikileta kanisani. Hiyo ndiyo hazina yetu. Nilivyosikia wafalme wa zamani kule ng'ambo walikuwa na maaskofu waliowatunzia dhahabu. Sisi tulitunza pasi.

Mzee Leonidas alifanya hivi. Alichukua ukanda wa kitenge, urefu wa kiganja, akatafuta mahali penye picha: ua, samaki, taa, chochote. Kisha akaukata katikati ya ile picha kwa mkono huru, mkasi ukienda kombo unavyotaka wenyewe. Kipande kimoja alipewa mwenye kitu. Cha pili kilifungwa kwenye kitu chenyewe. Siku ya kuchukua, unaleta kipande chako, tunavilaza viwili mezani, tunaangalia kama ua limekuwa ua tena. Likiwa ua, unabeba kitu chako unakwenda.

Nilimuuliza kwa nini asiandike karatasi. Akaniambia mji huu karatasi anaitengeneza yeyote mwenye printa. Tena nusu ya watu wetu, jina lililo kwenye karatasi si lile waliloitwa na mama zao, na wameshaulizwa majina ya kutosha mipakani. Hapa wasiulizwe. Nililipenda jambo hilo kuliko mahubiri yote niliyokuwa nimesinzia.

Kulikuwa na ufundi mdogo mdogo ambao natumaini bado mnaufuata. Kitenge kikuukuu huchanuka nyuzi ukingoni, na baada ya miezi kadhaa ua halikutani vizuri. Dawa yake ni rangi ya kucha isiyo na rangi, ile ya wasusi, unapaka ukingoni unaacha ikauke. Usitumie mshumaa, nilishawahi kuona samaki akiungua mkia. Usikate nguo yenye mistari mitupu, maana mstari hukubaliana na mstari wowote. Na msitumie mkasi wa meno.

Huu wa meno una hadithi yake. Baba Mkuu, mwanzilishi wa kanisa letu, alikuwa mtu wa moyo mkubwa na haraka nyingi. Siku moja alipita kwenye maduka ya jumla mjini akamnunulia Mzee Leonidas mkasi wa kisasa, ule unaokata ukingo kwa meno meno yaliyo sawasawa. Alitaka hazina yetu ipendeze. Mzee alishukuru, akauweka kabatini. Lakini Jumamosi moja Mzee hakuwepo, Baba Mkuu akaja kusaidia kwa mkono wake mwenyewe, akakata vipande vya asubuhi nzima kwa mkasi ule, tena vyote kutoka kitenge kimoja chenye nukta ndogo. Kila kipande kilikubaliana na kila kipande. Wiki tatu baadaye mwanamume alitaka kuondoka na sidiria za kuuza za mama mmoja wa Kalemie, akiwa na haki kamili ya kitambaa. Tulipoteza mwezi mzima kuyatengeneza mambo yale. Baba Mkuu hakukata tena.

Na kufuli tatu pia zina sababu. Ufunguo mmoja ulikuwa kwa Mzee Leonidas, wa pili kwa Mama Zawadi, wa tatu nilipewa mimi. Baba Mkuu hakuwa na hata mmoja. Aliutaka. Alimwambia Mzee kwamba haiwezekani mchungaji wa kondoo azuiwe zizini. Mzee Leonidas alimjibu kwa heshima kabisa kwamba siku kitu kitakapopotea, na kitapotea, waumini watamtazama kila mwenye ufunguo, na yeye asingependa wamtazame Baba hivyo. Baba Mkuu alifikiri kidogo akasema basi. Nimewafanyia kazi wakubwa wengi, na nawaambia kwamba kumnyima mkubwa kitu huku akiona umemlinda ni kazi ngumu kuliko kuhubiri.

Kitu kikishachukuliwa, vile vipande viwili havitupwi. Tulivishona pamoja kwa uzi mweusi, kisha tukaviunga na vingine vilivyotangulia. Ndivyo kilivyozaliwa kile kitambaa cha meza. Kila ua lililokatika na kuungana pale ni mtu aliyepata kitu chake. Mkila meza ya Bwana, mnakula juu ya mapasi na magauni ya watu.

Mzee Leonidas aliondoka kwenda Kanada kwa mwanawe. Aliniachia mkasi wake wa chuma, mzito, wenye tundu la kidole lililofungwa kitambaa. Makabidhiano yalikuwa mafupi. Aliniambia nisimwamini anayelia wala asiyelia, niamini kitambaa. Nililia mimi, tukaagana. Siku nyingi nimeona alisema kweli.

Baadaye nikawekwa wakfu kuwa askofu. Hilo mnalijua, picha iko ukutani, na kofia ilikuwa kubwa kuliko kichwa. Wasichojua wengi ni kwamba kazi hizi mbili zinagombana. Asubuhi unasimama unahubiri huruma. Mchana uleule mama anakuja bila kipande, anakwambia kimeliwa na panya, na wewe unamwambia pole, siwezi kufungua. Anakuangalia kama mtu wa sura mbili. Mara nyingine kipande kilipatikana na sote tukacheka. Ndugu wawili waliweka suti moja ya harusi waliyonunua pamoja, kisha wakagombana, kila mmoja akaja na nusu ya ile nusu. Nikawaambia sharti waje pamoja, wakae benchi moja. Walikaa benchi moja wamepeana mgongo. Suti wakapata.

Sasa nifike kwa Deo, maana pengo ni lake.

Deo alikuwa fundi cherehani kutoka Uvira, mpole, mwenye kibanda karibu na stendi ya teksi. Jengo alilokaa lilipopata barua ya kufukuzwa, alileta kichwa cha cherehani yake, kile cha chuma, amekibeba begani ngazi zote tatu. Nilimkatia kitenge cha manjano chenye ndege wa buluu. Nilikata shingoni mwa ndege. Yeye alichukua kichwa cha ndege, mkia ukabaki kwetu. Hakumwambia mkewe. Siyo kwa ubaya, ndivyo wanaume wetu wengi walivyokuwa: mambo ya hazina waliyaweka kifuani. Mkewe, Mama Aline, alijua tu kwamba mashine iko mahali pa usalama.

Mwezi huohuo Deo aliugua mapafu. Hakukaa sana. Nilikuwa Durban kwa ibada ya waumini wa huko, nikarudi nikakuta wameshamzika katika makaburi ya kusini. Kilio kilikuwa kinakwisha. Nilimkuta Mama Aline amekaa kwenye godoro, watoto wawili pembeni, na tayari anahesabiwa siku na mwenye chumba. Deo alikuwa anakata, yeye anashona. Sare za shule ndizo zilizowalisha. Bila mashine ile alikuwa hana kazi, na bila kazi hana chumba. Alikuja hazina Jumamosi iliyofuata.

"Papa Askofu," aliniambia, "kipande sina. Nilitafuta fasi yote, kila kona. Hata sijui kinafanana namna gani."

Siku hiyohiyo, kabla sijamjibu, aliingia Safari, kaka yake Deo. Alikuwa amesafiri kwa basi kutoka Lusaka, akachelewa mpakani, hakuwahi maziko. Macho yake yalikuwa mekundu na sauti imekauka. Alisema anakuja kuchukua vitu vya ndugu yake, kama desturi inavyotaka, avipeleke nyumbani. Sikumwona kuwa mtu mbaya, wala msimwone hivyo. Alikuwa na mama yake mzee aliyekuwa anapiga simu kila siku.

"Mama anauliza kitu yoyote ya mkono ya mtoto wake," alisema. "Mimi nitamwambia nini? Kaburi sikuona ikifungwa. Nirudi mikono mitupu?"

Baba Mkuu aliposikia alinipigia simu, akaniambia nimpe kaka mtu, mambo yaishe, maana ukoo ni ukoo. Nikamwambia nimesikia. Kusikia si kutii, na yeye alijua. Askofu ndani yangu alitaka kumbebea Mama Aline mashine ile mwenyewe, ngazi zote. Mweka hazina alijua kwamba nikifungua leo bila kipande kwa sababu nimeona machozi, kesho atakuja mwenye machozi mengi zaidi kuchukua pasi ya mtu. Na kipande kilikuwa cha Deo, na Deo hayupo. Kanuni ya Mzee Leonidas haikuwa na jibu.

Nilimwita Mama Zawadi na muumini aliyeachiwa ufunguo wa Mzee Leonidas, tukafungua kufuli, nikakata kamba iliyofunga kile kipande kwenye mashine, nikakiweka mezani mbele ya wote wawili. Nilitaka tu Mama Aline akione, akumbuke. Mkia wa ndege wa buluu, na mabawa.

Mama Aline alikaa chini sakafuni.

"Kichwa yake iko na Deo," alisema.

Alituelezea polepole. Siku ya kumvalisha marehemu, alifungua Biblia ya mumewe akakuta kipande cha kikwembe, yaani kitenge, kimekunjwa vizuri, kimepakwa kitu ukingoni kisichanuke. Deo alikuwa hatunzi kitu bila sababu. Mama Aline akakitia kwenye mfuko wa juu wa koti la marehemu, kama leso, kichwa cha ndege kikachungulia nje. Wanawake wenzake walisifu. Alikuwa na picha kwenye simu. Akamnyooshea Safari ile simu, Safari akageuza uso. Alisema yeye hatazami ndugu yake amelala hivyo kwenye kioo cha simu.

Basi kipande kiko chini ya udongo. Mama Zawadi alininong'oneza kwamba tukikubali hili, kuanzia mwezi ujao kila aliyepoteza kipande atasema kimezikwa. Alikuwa sahihi, na sikupenda kwamba alikuwa sahihi. Nikafikiri sana. Kanuni inasema vipande vikutane. Haisemi vikutane mezani. Nikawaambia, kama kile hakiwezi kuja hapa, hiki kitaenda kule. Wenye funguo wote watatu tutakwenda, na Mama Aline, na Safari, ambaye hata hivyo kaburi hajaliona.

Tulikwenda kwa kombi ya kanisa. Ilikuwa baridi ya Julai, nyasi zimeungua, udongo mwekundu bado umeinuka juu ya Deo, na kibao cha mbao chenye namba. Nilipiga magoti nikalaza ule mkia wa ndege juu ya kaburi, upande wa kifuani, nikaweka jiwe dogo upepo usiuchukue. Sikuwa na sala ya jambo kama hilo. Nikasema tu kwamba tumeleta.

Safari alisimama mbali kwanza. Kisha akasogea, akachuchumaa, akamwomba Mama Aline ile simu. Aliitazama muda mrefu. Akaishusha taratibu mpaka karibu na udongo, akaisogeza pembeni ya kitambaa, kichwa cha ndege kwenye kioo, mkia chini yake. Shingo ilikutana.

Akamuuliza shemeji yake bila kumwangalia. "Kwa nini ulimuwekea hii?"

"Nilizani ni ya mama yake," Mama Aline alisema. "Vile alikuwa anaitunza. Nikasema, hakuwa na mama hapa ya kumlilia. Aende na kitu yake."

Safari aliweka simu chini akalia, kwa sauti, kama watu wanavyolia kwetu, na Mama Aline akalia naye, na mimi askofu nikasahau kofia yangu nikalia pia. Ndicho kilio cha maziko ambacho Safari hakukiwahi. Hatukumharakisha.

Aliponyamaza alisema mashine ibaki na aliyekuwa anashona nayo. Hatukumwomba. Alisema mama yake asingeiweza hata kuinua. Kisha akaniuliza kama anaweza kupewa kitu kimoja badala yake, na akaonyesha kile kipande juu ya kaburi.

Hiyo ndiyo mara moja katika miaka yangu yote niliyotoa kitambaa cha hazina kisishonwe. Mama Zawadi aliniangalia, mimi nikamwangalia, akatikisa kichwa kukubali. Safari alikikunja kwenye leso yake akakiweka kifuani. Jumatatu Mama Aline alishusha mashine yake kwa ngazi, vijana wawili wakimsaidia. Nilipokuja kuunga vipande vya mwaka ule, niliacha nafasi ya kiganja kimoja, nikapinda kingo zake vizuri ili zisichanuke. Ndilo pengo lenu hilo. Si uzembe wa wazee.

Baba Mkuu aliuliza yaliishaje. Nikamwambia ukoo umeridhika. Akasema si alisema.

Kilichobaki mwambieni hata huyo mwenye kiraka. Miaka michache iliyopita Safari alinipigia kutoka Uvira. Mama yao alikuwa amefariki. Alilala na kile kipande chini ya mto muda wote huo, na ndugu walikuwa wanabishana kama wakirudishe Johannesburg, kwa kuwa kilikuwa mali ya kanisa. Safari aliniuliza kama mweka hazina. Nilimjibu kama askofu. Nikamwambia amtie mama mkononi.

Kwa hiyo kichwa kiko hapa kusini, chini ya udongo mwekundu, na mkia uko Uvira mkononi mwa mama yake. Bado ni amana, bado haijafungwa, na atakayevikutanisha vipande vile anazo funguo ambazo mimi na Mama Zawadi hatukuwahi kupewa. Kuvishona si kazi yetu. Rudisheni sindano kwenye kopo lake.